Jinsi ya Kucheza The Darkest Files: Mwongozo Kamili wa Kujenga Kesi Inayosimama Mahakamani

Gemu nyingi za upelelezi huisha pale unapomjua muuaji. The Darkest Files hapo ndipo inapoanza kuwa ngumu. Jina la mtuhumiwa mara nyingi si siri: familia ya marehemu inalijua, majirani wanalijua, na mwenyewe anaishi mtaani bila wasiwasi, pengine na kazi yake ya heshima. Unachotakiwa ni kuthibitisha, mbele ya mahakama ya Ujerumani Magharibi ya miaka ya 1950, kwamba mtu huyu ndiye aliyetenda tendo hili, siku ile, mahali pale, na kwamba sheria inaliita tendo lenyewe mauaji. Wachezaji wanaokwama hukwama kwa sababu wanacheza kama polisi. Gemu hii inataka uwaze kama mwendesha mashtaka.

Imetengenezwa na Paintbucket Games ya Berlin na ilitoka Machi 2025. Unacheza kama Esther Katz, mwendesha mashtaka kijana aliyeingia katika ofisi ya Fritz Bauer mjini Frankfurt mwaka 1956. Esther ni wa kubuni. Bauer aliishi kweli, na kesi zenyewe zimejengwa juu ya kesi za kweli za mauaji yaliyofanywa chini ya Wanazi, yaani utawala wa Hitler. Sitafichua hadithi wala majina ya wahusika wa kesi hizo; nitakuonyesha njia ya kufanya kazi, nawe utafungua majalada mwenyewe.

Hatua ya 1: Kabla ya kununua

Utahitaji kompyuta, kwani hii si gemu ya simu. Inauzwa Steam, duka la gemu la mtandaoni. Soma kwanza mahitaji ya kompyuta kwenye ukurasa wake, na uangalie ukubwa wa faili kabla ya kuliingiza bando lako kwenye hesabu. Kama huna kadi ya benki, kadi ya mtandaoni inayotolewa na baadhi ya huduma za pesa za simu inaweza kutosha. Steam hurudisha pesa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa hujacheza zaidi ya saa 2, kwa hiyo tumia saa hizo za mwanzo kupima kama mashine yako inaimudu na kama Kiingereza chake hakikuchoshi. Kuna kusoma kwingi. Asiyependa kusoma nyaraka asijilazimishe.

Hatua ya 2: Ujue mwaka unaoingia

Hatua hii wengi huiruka, kisha hushangaa kwa nini kila mtu ndani ya gemu anawawekea vikwazo. Tenga nusu saa uelewe mambo haya.

Vita vya Pili vya Dunia viliisha Ulaya Mei 1945. Washindi waliwashtaki viongozi wakubwa Nuremberg mwaka 1945 na 1946, na Wamarekani wakaendesha kesi nyingine 12 hapo hapo hadi 1949. Baada ya hapo hamu ikaisha. Mwaka 1949 na tena 1954 bunge la Ujerumani Magharibi lilipitisha sheria za msamaha. Ile ya 1954 iligusa hata makosa fulani ya miezi ya mwisho ya vita, kwa waliodai kwamba walidhani wanatimiza wajibu. Mwaka 1951 sheria nyingine iliwafungulia watumishi wengi wa zamani wa serikali mlango wa kurudi kazini. Kwa hiyo ukimkuta katika gemu hakimu, polisi au karani mwenye kigugumizi kila unapouliza alikuwa wapi mwaka 1942, usidhani mwandishi ametia chumvi. Hao ndio watu waliokuwa maofisini.

Ndani ya hali hiyo aliingia Bauer. Alizaliwa Stuttgart mwaka 1903 katika familia ya Kiyahudi, akawa hakimu akiwa bado kijana, na mwaka 1933 Wanazi walimfukuza kazi na kumfunga katika kambi ya Heuberg. Alikimbilia Denmark, kisha Sweden, akarudi mwaka 1949. Mwaka 1952 mjini Braunschweig alimshtaki Otto Ernst Remer, aliyewaita wasaliti wale waliojaribu kumuua Hitler tarehe 20 Julai 1944, na akaitumia kesi hiyo kuifanya mahakama itamke kwamba utawala wa Hitler ulikuwa dola isiyofuata haki. Mwaka 1956 akawa mwendesha mashtaka mkuu wa jimbo la Hesse, mwenye makao Frankfurt. Gemu inaanzia hapo.

Kumbuka pia kisichokuwapo bado. Ofisi ya Ludwigsburg, iliyokusanya upelelezi wa uhalifu wa Kinazi kutoka nchi nzima, ilianza kazi Desemba 1958, baada ya kesi ya mjini Ulm ya mwaka huo, dhidi ya watu wa kikosi cha mauaji cha Kinazi, kuonyesha ni mangapi yaliyokuwa hayajaguswa. Kesi ya Auschwitz ya Frankfurt, dhidi ya waliotumika katika kambi ya maangamizi ya Auschwitz, ilifunguliwa Desemba 1963. Mwaka 1956 Esther hana kituo cha kumpelekea majalada yaliyopangwa. Ndiyo maana ushahidi unaupata kwa vipande.

Na usipitie haraka jambo la Esther kuwa mwanamke. Wanawake katika kazi hiyo walikuwa wachache mno. Mmoja aliyekuwapo kweli ni Barbara Just-Dahlmann wa Mannheim, ambaye tangu 1960 aliifanyia ofisi ya Ludwigsburg kazi ya kutafsiri nyaraka za Kipolandi, kisha akasema hadharani jinsi upelelezi ulivyokuwa ukizoroteshwa.

Hatua ya 3: Jifunze sheria moja, lakini uijue vizuri

Ukiibeba sheria hii kichwani, nusu ya gemu imekufungukia.

Sheria ya Ujerumani ina aina mbili za kuua kwa kukusudia. Tumezoea kutenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Kule hali ni tofauti: aina zote mbili ni za kukusudia. Kinachopandisha kosa la kuua hadi kuwa mauaji ya daraja la juu, yaani *Mord*, ni nia au namna. Je, muuaji aliua kwa tamaa ya mali? Kwa chuki au sababu nyingine chafu? Kwa hila, yaani alimvamia mtu asiyetarajia hatari na asiye na kinga? Kwa ukatili? Ili kuficha kosa jingine? Ukithibitisha moja tu kati ya hizo, unayo *Mord*. Usipothibitisha hata moja, kosa linabaki *Totschlag*, daraja la chini. Tena maelezo hayo ya *Mord* yaliandikwa mwaka 1941, chini ya Hitler mwenyewe, na ndiyo yaliyotumika baadaye kuwashtaki watu wake.

Kwa nini daraja lina uzito kiasi hicho? Kwa sababu ya ukomo wa muda wa kushtaki. Makosa yenye adhabu isiyozidi miaka 10, yakiwemo mengi ya kupiga na kujeruhi, yalikwisha muda wake Mei 1955. Esther anapoanza kazi, hayo yameshapita. *Totschlag* ilikuwa na miaka 15, ikafungwa tarehe 8 Mei 1960. *Mord* ilikuwa na miaka 20, nayo ingefungwa Mei 1965 kama bunge lisingesogeza mwanzo wa hesabu. Mwaka 1969 ikafanywa miaka 30, na mwaka 1979 ukomo wa *Mord* ukafutwa kabisa.

Kwa hiyo kila unaposoma jambo la kutisha kwenye jalada, jiulize kwanza: kosa hili bado linashtakika? Utaumia kuona ukatili mkubwa usioweza kuufikisha popote. Uandike hata hivyo, kwa sababu kipigo kisichoshtakika leo kinaweza kuwa ushahidi wa chuki, na chuki ni nia chafu, na nia chafu ndiyo inayokupa *Mord*. Mwendesha mashtaka mzuri hatupi kitu.

Kuna mtego wa pili. Mahakama za wakati ule zilipenda kusema kwamba wauaji halisi walikuwa Hitler na wakuu wake Himmler na Heydrich, na waliobaki chini yao walikuwa wasaidizi tu. Msaidizi hupata adhabu ndogo. Katika kesi ya Auschwitz, Robert Mulka, aliyekuwa msaidizi mkuu wa kamanda wa kambi, alihukumiwa mwaka 1965 kama msaidizi wa mauaji na kupewa miaka 14. Waliofungwa maisha walikuwa 6, watu kama Wilhelm Boger na Oswald Kaduk, ambao mashahidi waliweza kusema: huyu, kwa mkono wake, bila kuagizwa. Hapo ndipo macho yako yanapotakiwa kuwa. Tafuta kile ambacho mtuhumiwa alikifanya *zaidi ya amri*: alijitolea, aliharakisha, alichagua, alitukana, alichukua mali.

Hatua ya 4: Fungua daftari la karatasi

Gemu inakutunzia kumbukumbu zake, lakini daftari lako litakusaidia zaidi. Chora safu nne: nini kilidaiwa, nani kasema, alikuwa wapi wakati huo, na karatasi gani inaunga mkono. Safu ya nne ikiwa tupu, hiyo bado ni habari tu, si ushahidi. Ukurasa mwingine uweke kalenda ya tukio, siku kwa siku, na saa pale zinapopatikana.

Hatua ya 5: Soma nyaraka kama adui wa aliyeziandika

Soma kila waraka mara mbili. Mara ya kwanza kwa habari, mara ya pili kwa ajili ya mambo ya pembeni: tarehe, mhuri, herufi za mwanzo za jina la aliyechapa, nakala zilipelekwa kwa nani. Mtu anayedai hakujua lolote, kisha herufi zake zinaonekana chini ya barua iliyopita mezani kwake, ameshajibiwa.

Watumishi wa Hitler waliandika sana, lakini hawakuandika wazi. "Kutendewa kwa namna maalumu" kulimaanisha kuuawa. "Kuhamishwa" kuelekea mashariki mara nyingi kulimaanisha kifo. "Alipigwa risasi akitoroka" ilikuwa fomula iliyoficha mauaji ya wafungwa, na fomula hiyo ina faida moja kwako: ukikuta watu kadhaa "wametoroka" mahali pamoja, mbele ya askari yule yule, kwa maneno yale yale, karatasi imeanza kumshtaki aliyeiandika.

Vyeti vya vifo navyo visikutulize. Katika mpango wa kuwaua wagonjwa na walemavu, vituo kama Hadamar, kilicho katika jimbo hilo hilo la Hesse, vilizipelekea familia barua za rambirambi zenye sababu ya kifo ya uongo. Sababu iliyoandikwa na daktari mwenye cheo si ushahidi wa jinsi mtu alivyokufa. Ni ushahidi wa nini daktari huyo alitaka kiaminike.

Mfano mzuri wa nguvu ya karatasi ni mwanzo wa kesi ya Auschwitz yenyewe. Mwisho wa vita mjini Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, karatasi ziliokolewa kutoka jengo lililokuwa likiungua la mahakama ya SS, kikosi cha chama cha Hitler kilichoendesha kambi. Zilikaa kwa Emil Wulkan, aliyenusurika, hadi mwandishi wa habari Thomas Gnielka alipoziona na kumpelekea Bauer Januari 1959. Zilikuwa na majina ya wafungwa waliopigwa risasi na majina ya askari waliopiga. Miezi michache baadaye mahakama kuu ya shirikisho iliikabidhi Frankfurt kesi hiyo. Kwa hiyo ukikuta kwenye gemu karatasi yenye kingo zilizoungua au orodha kavu ya majina na tarehe, simama hapo.

Hatua ya 6: Mashahidi

Hapa ndipo gemu inapong'aa. Shahidi anapoanza kueleza, unaingia ndani ya maelezo yake na kutembea katika tukio kama alivyolisema. Usitazame tu. Hakiki.

Simama pale shahidi anaposema alisimama. Kutoka hapo, mlango unaonekana? Umbali unaruhusu kusikia maneno, au sauti tu? Mwanga ulikuwa wa nini? Njia hii haikubuniwa na watengeneza gemu. Desemba 1964 ujumbe wa mahakama ya Frankfurt ulisafiri hadi Auschwitz, wakati Vita Baridi vikiwa vimepamba moto, na kupima mahali penyewe kama yaliyosemwa na mashahidi yaliwezekana kuonekana na kusikika. Ziara hiyo iliwapa nguvu mashahidi wengi.

Kisha tenganisha, ndani ya kila maelezo, mambo ya aina tatu: alichokiona kwa macho, alichokisikia kwa mwingine, na alichokijumlisha mwenyewe. Mara nyingi sentensi moja ina vyote vitatu. "Alitoka nje, akampiga risasi": je, alimwona akifyatua, au alimwona akitoka kisha akasikia mlio? Wakili wa utetezi ataingilia kwenye ufa huo huo, basi uuone wewe kwanza.

Aliyenusurika akikosea tarehe, usimtupe. Wafungwa wa kambini hawakuwa na saa wala kalenda, na huko Frankfurt mawakili wa washtakiwa waliwabana mashahidi kwa jambo hilo hilo, siku baada ya siku. Sisi wa Afrika Mashariki tumeliona karibu zaidi. Katika hukumu ya Akayesu ya mwaka 1998, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokaa Arusha ililazimika kueleza wazi kwamba majeraha ya nafsi, pamoja na desturi za kueleza muda na umbali, visichukuliwe moja kwa moja kuwa uongo. Fanya vivyo hivyo. Shahidi akisema "ilikuwa wakati wa baridi" na waraka ukasema Februari, hao wawili wameshikana mkono.

Anayehitaji wasiwasi wako zaidi ni shahidi mwenye kumbukumbu safi kupita kiasi, hasa aliyekuwa upande wa wenye bunduki. Wenzake wa kikosi walilindana. Wawili wakikueleza jambo lile lile kwa maneno yale yale, wamekutana kabla hujafika. Na yule anayekumbuka hali ya hewa, chakula na wimbo uliopigwa, lakini amesahau nani alitoa amri, hajasahau.

Mwulize kwa upole. Sisemi hivyo kwa adabu tu: watu katika kesi hizi huachia jambo kubwa wanapojitetea kwa jambo dogo. Akisema "sikuwa mimi niliyeamuru, mimi nilifungua lango tu," ameshakuweka mahali pa tukio.

Hatua ya 7: Jenga hoja, kisha ibomoe

Kabla ya kwenda mahakamani, andika hoja yako kwa sentensi moja: nani, alimfanyia nani nini, wapi, lini, kwa nia gani. Kila kipande kiwe na kielelezo chake. Kisha kaa upande wa utetezi na ujibu kwa niaba ya mtuhumiwa. Utetezi ulikuwa na nyimbo nne: sikuwepo, nilikuwepo lakini sikufanya, nilifanya lakini niliamriwa, nilifanya na wakati ule ilikuwa halali.

Ya tatu ndiyo inayowatisha wachezaji wengi. "Ningekataa ningeuawa." Katika kesi ya Auschwitz wanahistoria wa taasisi ya historia ya kisasa ya München waliitwa kutoa maoni ya kitaalamu. Hans Buchheim, aliyechunguza suala la amri, alionyesha kwamba dai la kulazimishwa kwa tishio la kifo halikuwa na mfano wa kuliunga mkono: hakupatikana mtu aliyeuawa kwa kukataa amri ya kuua raia. Wapo waliokataa wakahamishwa, wengine wakanyimwa cheo. Ndani ya gemu, tafuta ushahidi kwamba kulikuwa na nafasi ya kuchagua: mwenzake aliyejitoa, amri iliyomwachia yeye uamuzi, au jambo alilolifanya kabla amri haijafika.

Kumbuka nani anasikiliza. Mahakama za namna hii zilikuwa na majaji wa taaluma 3 na wazee wa baraza 6, watu walioishi wote chini ya Hitler. Ukianza kwa hotuba ya kulaani zama nzima, unawalazimisha kujitetea pamoja na mshtakiwa. Anza na mtu mmoja aliyekufa, jina lake, siku yake, kisha mkono uliomuua. Wasilisha kielelezo chenye nguvu na ukiache kiseme. Usirundike karatasi tano pale ambapo moja inatosha, kwani ile dhaifu ndiyo itakayoshambuliwa.

Ukishindwa kupata hukumu uliyoitaka, usirudie kila kitu kuanzia mwanzo. Rudi kwenye daftari na utafute kipande gani cha sentensi yako kilisimama bila karatasi. Mara nyingi ni nia.

Hatua ya 8: Baada ya kesi

Hukumu ndani ya gemu inaweza kukuacha na uchungu hata ukiwa umefanya kazi vizuri. Historia iko hivyo. Kesi ya Auschwitz ilidumu siku 183 za vikao, ikasikiliza mashahidi zaidi ya 350, na mwisho washtakiwa 17 kati ya 20 wakatiwa hatiani, 3 wakaachiwa. Bauer alifariki Julai 1968. Oktoba mwaka huo mabadiliko ya sheria ambayo wabunge wengi hawakuyaelewa yalifanya wasaidizi wengi wa mauaji, wale ambao nia chafu ya binafsi haikuthibitishwa juu yao, wahesabike kuwa ukomo wao ulishapita tangu 1960. Ilichukua hadi 2011, katika kesi ya John Demjanjuk, mlinzi wa kambi ya Sobibor, mjini München, kwa mahakama kukubali kwamba kutumika katika kambi ya maangamizi kunatosha kumtia mtu hatiani kama msaidizi, bila kutafuta tendo lake moja moja. Mwaka 2015 Oskar Gröning, karani wa Auschwitz, alihukumiwa kwa msingi unaofanana kwa kusaidia mauaji ya watu 300,000. Bauer alikuwa ameitetea hoja hiyo nusu karne kabla: kwamba kambi ilikuwa tendo moja, na kila aliyeliendesha alikuwa ndani yake.

Ukitaka kusikia chanzo chenyewe, Fritz Bauer Institut imeweka mtandaoni kanda za kesi ya Frankfurt, zaidi ya saa 400. Zilirekodiwa kuisaidia kumbukumbu ya mahakama tu na zilitakiwa kufutwa. Mwaka 2017 UNESCO iliziingiza, pamoja na majalada, katika orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Lugha ni Kijerumani, na palipohitajika kuna mkalimani. Hata kama hukielewi, fungua ushahidi mmoja usikilize jinsi jaji anavyouliza, shahidi anavyonyamaza, mkalimani anavyoingia, kisha ucheze kesi yako ya pili ukiwa na sauti hizo masikioni.